Jaribio la Mia Mbili Thelathini na Tatu

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Naamini barua hii imekukuta dirishani, mzima, ukigombana na redio. Sisi hatujambo. Goti la mama bado linatabiri mvua, na mwezi huu limekosea mara mbili. Baba bado anasahihisha madaftari ya hesabu kwa kalamu ya kijani, maana anasema nyekundu inawatisha wanafunzi. Dada yangu mkubwa amefaulu mtihani wa udereva baada ya kufeli mara mbili, na sasa anatupa sisi ushauri wa namna ya kuvuka barabara.

La kwangu ni hili: nimepata kazi, tena katika ofisi ileile uliyoitumikia miaka ishirini na sita, kwenye kompaila ileile. Mama aliniuliza kompaila ni kitu gani. Nikamwambia ni mkalimani. Mtu anaandika programu kwa lugha ya C, mashine haijui C, kwa hiyo kompaila inasimama katikati na kutafsiri. Akauliza, mkalimani mwenyewe anapimwa na nani? Ndiyo kazi yangu, nikamjibu. Tuna programu ndogo ndogo elfu moja mia moja na arobaini za kuipima. Ikijibu vizuri tunapata alama ya kijani, ikikosea tunapata nyekundu. Majaribio mia tatu na tisini kati ya hayo umeyaandika wewe.

Shangazi, niruhusu nikuseme kidogo. Ulikuwa mvivu. Katika maelezo yako fanksheni unaziita vibarua: unamwita kibarua, unampa mzigo, anakwenda, anarudi na jibu. Vizuri. Lakini hukusema anarudi na nini! Sheria ya zamani ya C ilikuruhusu kunyamaza, ikadhani kila asiyetajwa atarudi na namba ya kawaida. Sheria mpya haidhani. Wengine unawaita kazini bila hata kuwatambulisha. Na mabano yako matupu! Zamani yalimaanisha "njoo na chochote", sasa yanamaanisha "njoo mikono mitupu". Nimeambiwa niyavishe majaribio yote sheria mpya. Nikaandika programu ya kuyarekebisha, na kwa siku mbili tu yote mia tatu na tisini yakawa ya kijani. Mkuu wangu, tunayemwita Bwana Tarehe kwa sababu ana kalenda tatu ukutani, alitikisa kichwa mara moja. Wenzangu wanasema hiyo kwake ni kama kupiga makofi.

Mtoto wa kaka yako

19 Februari

Hakimu,

Marahaba. Redio imeshinda, nimeihamishia jikoni. Jirani yangu fundi saa amestaafu, na sasa anakuja kila asubuhi kuniuliza ni saa ngapi. Bafu linavuja, lakini linavuja ndani ya ndoo, kwa hiyo sihesabu kama linavuja. Mpe mama yako pole ya goti. Mwambie baba yako kalamu ya kijani inatisha vilevile, ila inachukua muda.

Ahsante kwa kunieleza kompaila ni nini. Nimejiuliza miaka ishirini na sita.

Unaniita mvivu, nami nakubali, kwa sababu tangu una miaka sita hukumu zako hazina rufaa. Ila nikuulize kitu kidogo. Yamepita yote? Yote mia tatu na tisini, kwa siku mbili? Basi kabla hujajipiga kifua, ivunje kompaila. Chukua nakala yake, ng'oa kitu kimoja ndani, kisha uyapitishe tena majaribio yako mazuri yaliyonyolewa ndevu. Uone mangapi yatagundua kwamba mkalimani amekuwa bubu. Mlinzi anayempigia saluti kila anayeingia ni pambo la mlangoni.

Mengine niliyaandika vibaya kwa makusudi, mwanangu. Ubaya wenyewe ndio uliokuwa mtihani.

Halafu usinipigie simu kwa mambo haya. Programu haisomwi kwa sikio. Ichape kwenye karatasi, uache nafasi kati ya mistari, unitumie. Kompyuta yangu niliigawa siku niliyostaafu na sijaikumbuka hata siku moja, ukiacha Jumatatu.

Shangazi yako mvivu

8 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mama anasema ndoo iliyojaa nayo inavuja, na umwite fundi. Dada yangu ameligonga gari kwenye nguzo ya lango letu wenyewe. Nguzo haijambo.

Nimeivunja kompaila kama ulivyosema. Niling'oa vitu kumi na viwili, kimoja kimoja. Majaribio hamsini na nane niliyoyarekebisha hayakugundua lolote. Yalikaa kijani tu, yanatabasamu. Yale yale kwa mwandiko wako wa zamani yaligeuka mekundu mara moja. Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikihisi masikio yanawaka. Sikuyasasisha, niliyapofusha. Palipokuwa na kosa la kumtega mkalimani, mimi nilisafisha kosa, mtego ukaondoka, halafu nikatikisiwa kichwa kwa kazi nzuri.

Nimerudisha yote yalivyokuwa na sasa nayapitia kwa mkono, moja moja. Lililo bovu kwa uzembe nalitengeneza. Lililo bovu kwa makusudi naliacha na ubovu wake, na juu yake naandika kwamba litafsiriwe kwa sheria ya zamani. Kompaila yetu bado inayo hali hiyo, kwa ajili ya wateja wenye programu za miaka mingi.

Bwana Tarehe nilimwambia mwenyewe, kabla hajaniuliza. Hakutikisa kichwa. Alizitazama kalenda zake zote tatu, kisha akaweka sharti: ifikapo tarehe 31 Mei, kila jaribio liwe na mstari mmoja unaoeleza linalinda nini. Lisilo na mstari huo litafutwa. Mimi niko kwenye muda wa majaribio mpaka mwisho wa Juni, nami pia napimwa kama programu, kwa hiyo sikubishana.

Kumi sijui yanalinda nini. Nimeyachapa, yamo humu. Linalonitesa zaidi ni la 233. Maelezo yako ya mengine ni marefu na yana vichekesho, lakini pale umeandika tarehe tu. Nilimwonyesha baba mezani. Alilisoma lote, akavua miwani, akaenda kumwagilia maua. Shangazi, mvua ilikuwa inanyesha.

Hakimu

29 Machi

Hakimu mwenye masikio ya moto,

Marahaba. Fundi wa bafu amekuja, amelitazama, amelisikitikia, ameondoka. Jirani ameniletea saa ya ukutani ili aache kuja kuniuliza, na sasa anakuja kuangalia kama inakwenda. Mpongeze dada yako kwa uamuzi wa kuanza na nguzo ya nyumbani.

Hilo lililokuwasha masikio, wapo waliolifanya hivyohivyo wakapandishwa cheo. Ulivyomwambia mkuu wako kabla hajauliza, hapo nilisimama dirishani kidogo. Kisha nikakaa, maana miguu.

Haya, kalamu yangu imepita kwenye karatasi zako. La 17 linapima mabano matupu, usiyajaze. La 41 linapima kama kompaila inajua kuhesabu kurudi nyuma. La 88 na la 89 ni pacha, la pili nililiandika kwa sababu sikuliamini la kwanza. La 140 ni utani wangu na mtu wa ghala la karatasi, lifute, alishahama. La 162 linalinda namba hasi. La 205 usiliguse hata kidogo, ukiliona linavyokaa utataka kulinyoosha, usinyooshe. La 260 nililiandika siku nina homa na sijui kwa nini linafanya kazi. La 301 ni mtindo wa kale wa kutaja mizigo chini ya mlango badala ya mlangoni, litengeneze kwa amani.

Nimekutumia soksi. Ofisi ile ina baridi upande wa kaskazini.

Shangazi yako

12 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na ahsante kwa soksi. Moja ni ndefu kuliko mwenzake, nadhani ni jaribio la makusudi.

Nilikutumia kumi, umenijibu tisa. Nimehesabu mara mbili, kisha nikampa baba ahesabu, maana ndiyo kazi yake. Alisema, "Tisa," akageuza ukurasa wa gazeti alilokuwa amelishika kichwa chini. Nyie ndugu wawili mnaficha hovyo sana.

Kwa hiyo nimelichimba mwenyewe. La 233 lina mistari kumi na tisa. Kibarua anaitwa kazini bila kutambulishwa. Sheria ya zamani inadhani atarudi na namba ya kawaida. Kumbe yeye anarudi na namba pana, ndefu mara mbili. Anayempokea ana mikono ya namba ya kawaida, basi anachukua nusu ya chini, na nusu ya juu inaanguka sakafuni bila kelele. Jaribio halidai kompaila izuie. Linadai tu ipige kelele: itoe onyo. Isipotoa, nyekundu.

Hilo nimelielewa. Nisichokielewa ni kwa nini lina tarehe, na kwa nini ni siku tatu kabla ya ile ambayo baba aliacha kazi katika ofisi hii. Nyumbani siku zote tumeambiwa aliacha kwa sababu anapenda kufundisha. Anapenda kweli. Lakini mtu anaacha kazi Ijumaa bila hata kuchukua kikombe chake? Kikombe kipo, kabatini, kina herufi zake.

Ngoja nikwambie lililonileta kwenye meza hii leo. Mteja mmoja mkubwa analalamika kwamba hali ya sheria ya zamani inamletea maonyo maelfu kila anapotafsiri. Bwana Tarehe anataka kuyazima katika toleo jipya. Yakizimwa, majaribio yote yatabaki kijani isipokuwa moja. Unajua lipi. Jana alinisimamia mezani na kuuliza, "Likifutwa, nani anaumia?" Nikasema sijui bado. Akasema hakuna mtu siku hizi anayeandika programu namna ile, na kwamba nisilibebe jaribio moja mpaka likanivunja shingo. Hakusema kwa ubaya. Aliisema huku ananinyooshea kalenda ya katikati.

Sijalifuta. Nikipinga bila sababu nitaonekana mkaidi wa miezi minne. Nisipopinga, naogopa kitu ambacho siwezi kukitaja. Wewe unaweza.

Hakimu

28 Aprili

Hakimu,

Marahaba. Nimepata mafua, yameisha. Saa ya jirani inakwenda mbele dakika nane na amekataa kuamini. Bafu limeacha kuvuja lenyewe, jambo linalonitia wasiwasi zaidi.

Soksi ndefu ni ya mguu wa kulia. Ukiipima utaona.

Hilo lifute. Mkuu wako amesema kweli, limezeeka. Uthibitishwe kazini kwanza, ukaidi utaufanya ukiwa na mkataba.

Shangazi

7 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mama anasema mafua yasirudiwe, uvae kitu shingoni. Dada yangu sasa anaendesha vizuri, hata nguzo inakubali.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake. Wewe uliyenikataza kunyoosha la 205, uliyeueleza utani na mtu wa ghala kwa sentensi nzima kabla ya kuufuta, unaniambia "lifute" kwa neno moja. Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama jaribio lingekuwa limezeeka ungelicheka kwanza. Hukulicheka.

Silifuti, Shangazi. Nataka uelewe kwamba si kwa ushujaa, maana kila asubuhi napita mbele ya kalenda zile nikitazama chini. Ni kwamba nilishayapofusha majaribio hamsini na nane bila kujua. La hamsini na tisa nitakuwa nimelipofusha nikijua.

Nilimuuliza baba tena, safari hii bila karatasi mkononi, tukiwa tunakausha vyombo. Nikamuuliza kama aliacha kazi au aliachishwa. Alikausha sahani moja kwa muda mrefu mpaka nikaogopa itachakaa. Akasema, "Mwache shangazi yako apumzike. Alishafanya kazi ya kutosha." Nikamwambia sikumtaja shangazi. Akanipa sahani, akatoka.

Zimebaki siku ishirini na nne. Sitakuuliza tena. Nitakwenda na nilichonacho: mstari wangu utasema "Sijui linalinda nini. Lisifutwe." Bwana Tarehe atacheka, halafu ataacha kucheka.

Mtoto wa kaka yako

24 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina habari za bafu.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu barua hii nimeiandika mara tano, na kila mara nilianza na jirani.

Mwaka ule tulikuwa tunaihamishia kompaila kwenye mashine mpya, zenye namba pana. Programu za wateja zilikuwa za kizamani, vibarua wasiotambulishwa wamejaa kila kona, na kompaila ikawa inatoa onyo kwa kila mmoja. Maelfu. Wateja walipiga simu wakiwa wamekasirika. Nikaizima ile sehemu, nikaiziba mdomo kompaila kwa wiki moja tu, ili wapumue. Nilijisemea Jumatatu nitaifungua. Jumatatu ilikuja na mambo yake. Nikasahau.

Baba yako ndiye aliyekuwa anakagua kila toleo kabla halijatoka. Aliniuliza kama kuna chochote cha kutazama kwa jicho kali. Nikamwambia hakuna. Kwa kuwa mimi ni dada yake, akaweka sahihi.

Kulikuwa na bwawa. Programu yake ilihesabu maji kwa lita. Maji yalipokuwa machache, namba ilitosha mikono ya kawaida. Msimu ule yalijaa, namba ikapita kipimo, nusu ya juu ikaanguka sakafuni kama ulivyosema, bila kelele. Kipimo kikaonyesha bwawa lina maji kidogo. Mtunza bwawa akaacha lango limefungwa, kama mtu yeyote angefanya. Maji yakapita juu ya ukingo, yakaingia nyumba tisa. Hakufa mtu. Kuna familia ilikaa juu ya meza kwa muda wa saa kumi na moja.

Kompaila ingetoa onyo, wangeliona wiki ya kwanza.

Walipouliza, sahihi ilikuwa ya baba yako. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, kiti cha tatu kutoka dirishani, namsikiliza anasema alipaswa kukagua vizuri zaidi. Alinitazama mara moja. Nilikuwa natunza wazazi wetu wakati ule na mshahara wangu ndio uliokuwa unalisha nyumba ile, yeye alijua. Lakini hiyo ni sababu ya kwake kunyamaza. Mimi ya kwangu ilikuwa woga. Wiki ileile nilikuwa nimeandika la 233, ili mtu asiweze tena kuiziba mdomo bila taa kuwaka. Siku tatu baadaye akaondoka. Hatujawahi kulizungumza. Kila mwaka ananitakia heri siku yangu ya kuzaliwa kwa sauti ileile, na kila mwaka nashindwa.

Nikakwambia ulifute. Ona nilivyo. Miaka yote hii, nikiguswa palepale, bado natafuta kuiziba mdomo.

Mwambie mkuu wako wanaoumia ni nyumba tisa. Akitaka kujua aliyezima, mwambie ni mimi.

Shangazi yako

4 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo, goti limetulia, dada hajambo. Nazitaja haraka kwa kuwa najua hutazisoma kwanza.

Barua yako ilifika tarehe 30 asubuhi, siku moja kabla ya kikao. Nilikuwa na ruhusa yako mkononi, na bado sikuipeleka kwa Bwana Tarehe. Nilimngoja baba arudi shuleni. Nilimpa akiwa bado amebeba mkoba. Akaisoma amesimama ukumbini, kurasa zote, akarudi nyuma akasoma tena ukurasa mmoja. Nilidhani atakwenda kumwagilia maua.

Akasema, "Saa kumi na moja juu ya meza. Hilo sikulijua."

Kisha akakaa, akaomba karatasi. Akaniambia umekosea mahali pamoja. Kwamba hukumdanganya siku ile, kwa sababu alikuwa amekwisha kuiona ile sehemu imezimwa. Aliiona mwenyewe alipokuwa anakagua. Alifikiri, dada anajua anachofanya, akapita. Kwa hiyo sahihi ilikuwa yake kweli, na hakuwa amembebea mtu mzigo. Nikamuuliza kwa nini hakukwambia kamwe. Alisema alisubiri umuulize. Shangazi, nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na minne na sikujua kama anaweza kuwa mjinga kiasi hicho. Nilimwambia hivyo. Alisema ameshahukumiwa na mimi kwa makosa makubwa zaidi.

Kikao. Bwana Tarehe aliuliza tena nani anaumia, nikasema nyumba tisa, nikamweleza bwawa lote kuanzia wiki moja ya kuwapa wateja nafasi ya kupumua. Hakunikatiza. Mwishoni akauliza aliyezima ni nani, na mimi nikajibu, "Aliyeandika jaribio, na aliyelisaini toleo alikuwa kaka yake. Mimi ni mtoto wa huyo kaka." Bwana Tarehe alikwenda kwenye kalenda ya katikati, akafuta kwa kalamu siku ya kuzima maonyo. Mteja ataandikiwa barua aambiwe awatambulishe vibarua wake.

Sijathibitishwa. Ameniongezea miezi mitatu, kwa sababu anasema jambo kama lile halingojewi mpaka siku ya mwisho, na kwa hilo sina utetezi. Nilitoka nimekasirika na nimefurahi, sijui lipi zaidi.

La 233 sasa yapo mawili. Moja kwa sheria ya zamani, linadai onyo. Jingine kwa sheria mpya, linadai kompaila ikatae kabisa. Juu ya yote mawili nimeandika mstari aliouandika baba kwenye ile karatasi, sikubadilisha neno: "Linalinda dhidi ya watu wawili waliojua na kila mmoja akadhani mwenzake ataliona."

Hakimu

20 Juni

Hakimu,

Marahaba. Bafu limeanza kuvuja tena, nimepata amani.

Baba yako alinipigia simu Jumapili. Tulizungumza dakika arobaini na tano. Alianza na goti la mama yako, mimi nikamjibu kwa jirani, akaja na nguzo ya lango, nikampa saa ya ukutani yote kwa ukamilifu. Tulipofika mwisho wa habari zetu zote tukabaki tunasikilizana tunavyopumua, kama watu wawili waliofika kwenye mlango mmoja kila mmoja anangoja mwenzake aingie. Kisha nikasema. Nililisema vibaya, nusu ilianguka sakafuni, lakini alisikia. Naye akasema la kwake. Hakuna aliyelia, usije ukajitungia.

Halafu, mwanangu, unajua alichosema baada ya hapo? Alikohoa kile kikohozi chake cha mwalimu, akasema, "Lakini dada, lile jaribio lingetosha mistari kumi na miwili." Miaka yote hiyo amekaa nalo moyoni! Hakukasirikia bwawa, alikasirikia mistari saba ya ziada.

Nilimkatia simu. Nikachukua karatasi. Ana haki, inawezekana kwa kumi na miwili. Nimekaa nayo siku tatu, chai ikipoa.

Nimeiweka humu ndani ya bahasha. Usiipeleke ofisini, iliyopo inafanya kazi na wewe una miezi mitatu ya kutoharibu kitu. Mpe baba yako mkononi, mezani, mbele ya watu wote, na umwambie ahesabu kwa sauti. Ni kumi na mmoja.

Shangazi yako